Nyota ya Kwanza Iliyokuja Mwisho: Kuhakiki Makala ya Bendera ya Jiji

Makala ya kamusi elezo kuhusu bendera ya jiji huonekana kuwa kazi ya nusu saa kwa mhakiki. Ni fupi, picha yake iko juu kabisa, rangi zinahesabika, na hakuna anayetarajia ugomvi. Basi mtu huisoma mara moja, hurekebisha nukta na mikato, huandika "inafaa" na kushika mengine. Makosa hupita hapo hapo. Kitambaa unaweza kukipima kwa macho, lakini maana yake huwezi, na sehemu kubwa ya makala za namna hii ni maelezo ya maana. Maana kila mtu anaweza kuitunga jioni moja, na kesho yake ikanukuliwa kama historia.

Kwa hiyo swali la kutembea nalo tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho ni hili: nani kasema, na lini? Mengine yote katika mwongozo huu ni njia za kuliuliza swali hilo bila kumchosha mwandishi wala kujichosha mwenyewe.

Nitatumia bendera ya Chicago, jiji kubwa la jimbo la Illinois nchini Marekani, kwa sababu ina karibu kila mtego utakaokutana nao mahali pengine. Ni uga mweupe wenye milia miwili ya buluu isiyokolea iliyolala, na katikati yake nyota nne nyekundu, kila moja na ncha sita. Ilibuniwa na Wallace Rice, mwandishi na mshairi, na baraza la jiji likaipitisha tarehe 4 Aprili 1917, siku mbili kabla ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Siku hiyo nyota zilikuwa mbili tu. Ya tatu iliongezwa mwaka 1933, ya nne mwaka 1939. Shika miaka hiyo, tutaihitaji.

Vigezo kwanza, ladha baadaye

Kabla hujaisoma makala, soma vigezo unavyotakiwa kuipimia. Wikipedia ya Kiingereza, kwa mfano, ina vigezo sita vya kuitangaza makala kuwa nzuri: iandikwe vizuri, madai yake yathibitishike kwa vyanzo, pasipo utafiti wa mwandishi mwenyewe, iguse mambo makuu ya mada yake, isiegemee upande, isiwe inavutwa huku na huku na wahariri wanaogombana, na iwe na picha zinazofaa zenye leseni halali. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina jamii ndogo zaidi ya wahariri, lakini vigezo hivyo vinafaa pale pia, na vinafaa hata kwa kitabu cha shule.

Angalia kilichokosekana katika orodha hiyo: urefu. Makala ya maneno mia nane kuhusu bendera inaweza kuwa kamili, na ya maneno elfu tatu ikawa imejaa pumba. Mhakiki anayesema "ongeza nyama" bila kutaja ni jambo gani halijaguswa amempa mwandishi mzigo usio na anwani.

Na kama wewe ndiye uliyeandika sehemu kubwa ya makala hiyo, mwachie mwingine aihakiki. Hili halihitaji mjadala.

Sheria, mbunifu, mtaa

Kila bendera ya jiji ina sauti tatu zinazoieleza. Ya kwanza ni sheria: uamuzi wa baraza la jiji unaosema rangi, milia, nyota na mahali pake. Ya pili ni mbunifu, aliyesema alikusudia nini. Ya tatu ni mtaa: wenyeji, mashabiki wa mpira, wachora chale, wauza fulana. Sauti zote tatu zina haki ya kuwemo katika kamusi elezo. Kosa ni kuzichanganya, na ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote katika makala za aina hii.

Chukua ncha sita za nyota za Chicago. Msomaji akiziona anaweza kudhani moja kwa moja kwamba zinahusu dini ya Kiyahudi. Makala ikinyamaza, dhana hiyo itajijibu yenyewe. Maelezo ya Rice yako wazi: nyota ya ncha tano katika bendera za Marekani huwakilisha majimbo, naye alitaka nyota ambayo haingechanganywa na hizo. Hapo mwandishi anatakiwa aandike "Rice alieleza kwamba", kisha aweke chanzo. Akiandika tu "nyota zina ncha sita kwa sababu", amegeuza kauli ya mtu kuwa sauti ya kamusi. Tofauti ni maneno matatu, na ni kazi yako kuyadai.

Upande wa mtaa, wakazi wa Chicago wamezungumzia nyota ya tano kwa miaka mingi. Jiji lilipoomba kuandaa Michezo ya Olimpiki ya 2016, wapo waliosema ushindi ungestahili nyota; ombi likashindwa Oktoba 2009, na Rio de Janeiro ikachaguliwa. Wengine wamependekeza nyota kwa ajili ya Olimpiki Maalumu, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1968. Habari hizi zinapendeza na zinafaa kuwemo, mradi zikae katika kifungu chake na ziitwe mapendekezo.

Ukitaka kuona hadithi ya mtaa ilivyoweza kuimeza historia, nenda Amsterdam. Bendera yake nyekundu na nyeusi ina misalaba mitatu ya Mtakatifu Andrea, na watalii husimuliwa kwamba misalaba hiyo ni kinga dhidi ya moto, mafuriko na tauni. Simulizi ni tamu, ila ushahidi wa kihistoria hauiungi mkono. Makala nzuri haiifuti, kwa kuwa imekuwa sehemu ya maisha ya bendera yenyewe. Inaiita simulizi na kusonga mbele.

Jaribio la nyota

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, na hapa usiharakishe.

Nyota nne za Chicago, ukizihesabu kuanzia upande wa mlingoti, zinafuata mpangilio wa matukio: Ngome ya Dearborn iliyojengwa mwaka 1803, Moto Mkuu wa 1871, Maonyesho ya Dunia ya 1893, na maonyesho ya Karne ya Maendeleo yaliyofunguliwa 1933. Zilivyoshonwa kwenye kitambaa ni habari nyingine. Mwaka 1917 ziliwekwa mbili tu, ya moto na ya maonyesho ya 1893. Mwaka 1933 ikaja ya Karne ya Maendeleo. Mwaka 1939 ndipo ikaongezwa ya ngome, na kwa kuwa ngome ndilo tukio la kale kuliko mengine, ikawekwa mbele ya wenzake. Nyota ya kwanza kwa mpangilio ni ya mwisho kwa umri.

Mwandishi aliyepitia vyanzo kijuujuu ataandika kwamba "nyota ya kwanza, iliyowekwa 1917, inaadhimisha Ngome ya Dearborn." Sentensi inasomeka vizuri, ina mwaka, pengine ina hata tanbihi, nayo ni kosa. Ndiyo maana nakushauri uchukue karatasi na uchore safu mbili: tukio na mwaka wake, kisha mwaka alama yake ilipoingia kwenye bendera. Bendera nyingi za majiji zimebadilishwa zaidi ya mara moja, na safu hizo mbili zitakufichulia michanganyo ambayo jicho peke yake halioni.

Safu hizo hukusaidia pia kukagua picha. Picha ya Chicago inayodaiwa kupigwa 1925 ikiwa inaonyesha nyota nne kwenye bendera, basi maelezo yaliyo chini yake si sahihi, au picha imechezewa. Nyota mbili maana yake ni kati ya 1917 na 1933. Tatu ni kati ya 1933 na 1939. Huhitaji kuwa mtaalamu wa bendera ili kunasa kosa kama hilo.

Kisha nenda kwenye milia. Sehemu tatu nyeupe ni pande tatu za jiji: Kaskazini, Magharibi na Kusini. (Mashariki ni Ziwa Michigan, kwa hiyo hakuna aliyepunjwa sana.) Mlia wa juu wa buluu ni ziwa pamoja na tawi la kaskazini la Mto Chicago; wa chini ni tawi la kusini na mfereji. Simama hapo. Mfereji upi? Chicago ina Mfereji wa Illinois na Michigan, uliofunguliwa 1848, na ina mfereji mwingine wa majitaka na meli, uliofunguliwa 1900 na kuufanya mto ugeuze mwelekeo ili maji machafu yasimwagike ziwani. Ni mifereji miwili yenye historia mbili tofauti. Makala inayosema "mfereji" na kuishia hapo imemwacha msomaji njiani. Ukiuliza swali hilo katika uhakiki wako, mwandishi atalazimika kurudi kwenye chanzo cha awali, na akirudi huko kuna uwezekano mkubwa atakuta mengine ya kurekebisha.

Kuna na ncha zenyewe. Kila ncha ya kila nyota ilipewa maana yake. Nyota nne kwa ncha sita ni maana ishirini na nne, na dini, elimu na haki zimo humo. Je, zote ziorodheshwe? Maoni yangu ni kwamba ziwekwe, lakini katika jedwali, pamoja na chanzo cha kila nyota, na mwandishi aseme ni nani alizitaja. Zikimwagwa ndani ya aya, msomaji atachoka kabla hajafika nyota ya tatu. Mhakiki mwingine anaweza kusema ziondolewe kabisa, nami sitagombana naye.

Namba na sifa

Makala za bendera hupenda sana kujisifu. "Moja ya bendera nzuri zaidi duniani" ni sentensi utakayokutana nayo mara nyingi, na dawa yake ni ile ile: nani kasema, na lini? Kwa Chicago jibu lipo. Mwaka 2004 Jumuiya ya Elimu ya Bendera ya Amerika Kaskazini, inayojulikana kwa kifupi kama NAVA, ilitoa matokeo ya kura kuhusu bendera 150 za majiji ya Marekani. Washington ilishika nafasi ya kwanza, Chicago ya pili, Denver ya tatu, na Pocatello ya jimbo la Idaho ikaburuta mkia. Sentensi inayotaja NAVA, mwaka na idadi ya bendera ni taarifa. Inayosema tu "ya pili kwa ubora Marekani" ni majigambo, tena yameshapitwa na wakati, kwa sababu majiji kadhaa yamebadilisha bendera zao tangu hapo. Pocatello yenyewe ilipata mpya mwaka 2017.

Mwandishi anaweza pia kuisifu bendera kwa kanuni tano za Ted Kaye katika kijitabu chake kuhusu bendera nzuri na mbaya: iwe rahisi, alama zake ziwe na maana, rangi ziwe mbili au tatu, isiwe na maandishi wala muhuri, na iwe ya pekee au ionyeshe undugu na nyingine. Kanuni hizi zimeenea sana, hasa baada ya mtangazaji Roman Mars kuzieleza kwenye jukwaa la mihadhara la TED mwaka 2015. Ila ni maoni ya wataalamu wa kundi moja la bara moja. Zitajwe kwa majina ya wenyewe. Zikitumika kama sheria ya dunia nzima, makala itakuwa imeegemea upande bila mwandishi kujua.

Waliokaa nje ya bendera

Nilisema hakuna anayetarajia ugomvi katika makala hizi. Hebu itazame tena nyota ya ngome. Tarehe 15 Agosti 1812 wapiganaji wa kabila la Potawatomi waliwashambulia askari wa Marekani na familia zao waliokuwa wakiihama ngome hiyo. Kwa muda mrefu tukio hilo liliitwa mauaji ya halaiki. Eneo la kumbukumbu lilipopewa jina mwaka 2009 lilitumia neno "Vita". Mwandishi akichagua neno moja bila kusema kwamba pana mvutano, ameshachagua upande.

Vilevile, sentensi kama "ngome hiyo ndiyo mwanzo wa makazi ya Chicago" haifai kupita kimya. Wenyeji wa asili walikuwepo. Naye Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara mweusi, alikuwa na nyumba na shamba kwenye mdomo wa mto na akaliuza mwaka 1800, kabla ngome haijajengwa. Leo anatambuliwa kama mkazi wa kwanza wa kudumu asiye mwenyeji wa asili, na mwaka 2021 barabara kuu ya kando ya ziwa ilipewa jina lake. Kwenye bendera hana nyota. Makala ya bendera haihitaji kusimulia maisha yake yote. Sentensi moja yenye chanzo inatosha. Ikikosekana, uliza kwa nini.

Kwa bendera yoyote utakayoihakiki, jaribu swali hili: alama hizi zinaheshimu historia ya nani, na nani alikuwepo lakini hakuchorwa? Mara nyingine jibu litakuwa hakuna, na utaendelea.

Vifungue vyanzo

Tanbihi nyingi hazithibitishi chochote mpaka uzifungue. Chagua tano au sita bila mpangilio, ukihakikisha mbili ni za sehemu ya maana, kisha usome kilichoandikwa kule. Unatafuta mambo mawili: kama chanzo kinasema kile makala inachodai, na kama makala imenakili maneno yake neno kwa neno.

Duka la bendera mtandaoni ni chanzo dhaifu kwa historia, hata likiandika kwa uhakika namna gani. Tovuti ya utalii ni dhaifu pia. Hatari zaidi ni tovuti iliyonakili kamusi elezo yenyewe: makala inadai jambo, tovuti inalichukua, mwaka unaofuata makala inaitaja tovuti hiyo kama ushahidi. Ukiona maneno yanafanana mno, angalia historia ya mabadiliko ya makala ujue nani alitangulia. Kwa majiji ya Marekani, vyanzo vya kuaminika ni sheria za jiji, magazeti ya wakati ule, maktaba za umma, na kitabu cha John Purcell cha mwaka 2003 kilichotolewa na NAVA, kinachoeleza bendera hizo 150 moja baada ya nyingine.

Picha zina sheria zake. Muundo wa bendera ya 1917 hauna tena hakimiliki Marekani, lakini fotografia ya bendera ile ile iliyopigwa mwaka jana ni mali ya mpiga picha mpaka atoe leseni. Hakikisha pia kwamba buluu ya mchoro ni ile isiyokolea na kwamba nyota zina ncha ndefu kali. Wachoraji wa kompyuta hupenda kuchukua nyota yoyote iliyo karibu.

Kuandika maoni na kutoa uamuzi

Andika maoni yanayoonyesha mahali. Badala ya "sehemu ya historia ina matatizo", andika: "Aya ya pili, sentensi ya tatu inasema nyota ya ngome iliwekwa 1917. Chanzo ulichotaja kinasema 1939. Tafadhali angalia." Tenganisha yale ya lazima na yale unayoyapendelea wewe tu, na uyaite kwa majina yao. Taja na kilichofanywa vizuri, kama kipo, usikitunge. Na ukijikuta unaandika upya aya nzima, acha, mrudishie mwenyewe.

Uamuzi una njia tatu: kupitisha, kusubirisha, au kukataa. Kusubirisha, ambako kwa desturi ni siku saba, kunafaa pale kasoro zinapohesabika na mwandishi anapojibu. Makala ambayo kifungu chake chote cha maana kimesimama juu ya duka la fulana na simulizi isiyo na mwenyewe, ikatae kwa upole na ueleze njia ya kurudi. Kuipitisha kwa huruma ni kumwachia msomaji kosa lako.

Ukitaka uwanja wa mazoezi karibu na nyumbani, Kenya ina kaunti 47, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila moja itunge sheria ya alama zake, bendera ikiwemo. Nairobi na Mombasa ni majiji na kaunti kwa pamoja. Ukipewa makala ya bendera mojawapo, tazama kwanza kama sheria ya bunge la kaunti imo katika vyanzo vyake. Isipokuwemo, hilo ndilo liwe ombi lako la kwanza kwa mwandishi, kabla hujagusa nukta wala mkato.